Sura ya 6: Ukisingiziwa, Ufufuo Unakusaidia Nini?

Mkristo anaposingiziwa, swali lake la kwanza huwa ni la hapa hapa duniani: "Sasa nifanye nini?" Nijitetee au ninyamaze? Niende polisi au nimwachie Mungu? Swali la pili huja usiku, wengine wakiwa wamelala: "Kama Mungu anaujua ukweli, mbona kimya?"

Wachungaji na mapadre huulizwa maswali haya kila mara, na mara nyingi majibu hutolewa kwa haraka. Mmoja huambiwa aombe tu, Bwana atampigania. Mwingine huambiwa atafute wakili mzuri. Ushauri wote huo una maana yake, lakini haujaeleza jambo lililo gumu zaidi: mtu atawezaje kusimama mbele ya uongo bila kuvunjika moyo, na bila yeye mwenyewe kuwa mwongo au mlipa kisasi?

Sura hii inalijibu swali hilo kwa fundisho ambalo wengi wetu hulikumbuka siku ya Pasaka na siku ya mazishi tu, nalo ni ufufuo. Kwa neno hilo Wakristo wanamaanisha mambo mawili. La kwanza, kwamba Mungu alimtoa Yesu kaburini siku ya tatu, yeye mwenyewe, mwili wake na alama za majeraha yake. La pili, kwamba iko siku Mungu atawafufua wafu wote, wenye haki na wasio na haki, na kila mmoja atasimama mbele ya hakimu asiyedanganyika.

Soma Agano Jipya taratibu utaona kwamba habari hii ilihubiriwa kwanza kama habari ya kesi. Kuna mtu alihukumiwa kwa ushahidi wa uongo, akauawa, na Mungu akaitengua hukumu ile. Ndiyo maana ufufuo unamhusu sana mtu aliyebambikiwa kesi.

## Uchungu wake uko wapi?

Chukua mfano wa mweka hazina wa kikoba. Siku ya kugawana inafika, fedha hazitoshi. Kabla daftari halijafunguliwa, jina lake limekwisha kutajwa. Akipita, maongezi yanakatika. Akinyamaza, watu wanasema amenyamaza kwa sababu anajijua. Akijieleza kwa kirefu, wanasema mbona anajihami sana. Mwezi uliopita alinunua mabati kumi kwa jasho lake; leo kila bati ni ushahidi.

Mtu huyu anapoteza vitu vitatu kwa mpigo:

- Jina lake, ambalo lilimchukua miaka kulijenga.
- Watu wake, kwa kuwa hata ndugu huanza kujiuliza kimoyomoyo.
- Muda wake, maana kesi huweza kumla mtu miaka akiwa mahabusu au akipanda na kushuka ngazi za mahakama.

Jamii nayo ina njia zake za kuukuza uongo. Tunayo methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo imehukumu wengi wasio na kosa. Huko Usukumani, kaskazini magharibi mwa Tanzania, wapo bibi wazee waliouawa wakidaiwa kuwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu ule umetokana na miaka mingi ya kupika kwenye moshi. Lililosemwa halikuwepo, wala halikuja. Waliokuja ni watu wenye mapanga.

Tunayo pia methali inayofariji: njia ya mwongo ni fupi. Mara nyingi ni kweli. Lakini wapo waliokufa kabla njia hiyo haijafika mwisho wake, na hao ndio wanaoitia imani yetu majaribuni.

Biblia inamtaja mmoja wao, Nabothi wa Yezreeli, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, naye akakataa kuuza urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli akapanga mashahidi wawili wa uongo, wakadai Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Akapigwa mawe, akafa, shamba likachukuliwa. Nabii Eliya alikuja baadaye na hukumu kali juu ya Ahabu na nyumba yake, na hukumu ile ilitimia. Lakini Nabothi alipata nini? Mwongo aliadhibiwa, msingiziwa akabaki kaburini.

Swali hilo la Nabothi liliwasumbua Wayahudi kwa karne nyingi. Lilipamba moto kuanzia mwaka 167 kabla ya Kristo, pale mfalme Antioko wa Nne alipowatesa na kuwaua waliokataa kuiacha sheria ya Mungu. Ndipo tumaini la ufufuo linapoanza kusikika waziwazi, katika Danieli sura ya 12, na katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, kilichomo katika Biblia za Kikatoliki, kinachosimulia ndugu saba waliouawa pamoja na mama yao. Hoja yao ilikuwa moja: kama Mungu ni wa haki, basi haki yake haiwezi kuishia kwa kumwadhibu muuaji tu. Lazima imfikie na yule aliyeuawa. Na ili imfikie, ni lazima awe hai.

Kwa ufupi: Kumwadhibu mwongo ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kumrudishia aliyesingiziwa uhai, jina na heshima yake. Wakristo wanaamini nusu hiyo ya pili imo mikononi mwa Mungu anayefufua wafu.

## Kesi ya Yesu: hukumu iliyotenguliwa

Sheria ya Musa ilidai mashahidi wawili au watatu wanaokubaliana. Marko anaeleza kwamba usiku ule mbele ya Baraza, yaani mahakama kuu ya Wayahudi, mashahidi walikuwa wengi, ila maneno yao hayakulingana. Baadhi walichukua usemi wa Yesu kuhusu hekalu wakaupotosha. Ndivyo uongo mwingi unavyotengenezwa: msingi wake ni neno la kweli lililopindwa.

Kulipokucha mashtaka yalibadilika. Mbele ya Baraza kosa lilikuwa kufuru, yaani kumvunjia Mungu heshima. Mbele ya Pontio Pilato, liwali wa Kirumi asiyejali mambo ya kufuru, kosa likawa siasa: kwamba Yesu anawakataza watu kulipa kodi kwa Kaisari na anajiita mfalme. Habari ya kodi ilikuwa uongo mtupu, maana siku chache tu nyuma alikuwa ameulizwa hadharani na akajibu kwamba cha Kaisari apewe Kaisari. Luka anasema Pilato alitamka mara tatu kuwa haoni kosa la kumuua mtu huyu. Kisha akamtoa auawe.

Kwa hiyo msalaba ulikuwa zaidi ya mateso. Ulikuwa tangazo. Juu ya kichwa cha Yesu kilitundikwa kibao chenye shtaka lake, ili kila mpita njia asome na kujua huyu ni mhalifu. Kwa Myahudi aliyeijua sheria, aliyetundikwa mtini alihesabiwa amelaaniwa. Wanafunzi wake walimpoteza mwalimu, na juu ya hapo ilionekana kwamba waliomshtaki ndio waliokuwa sahihi.

Pasaka ilibadilisha jambo hilo. Ukisoma hotuba za Petro katika Matendo ya Mitume, utaona anarudia hoja moja kwa maneno tofauti: watu walimhukumu Yesu na kumuua, Mungu akamfufua. Mitume walielewa kaburi tupu kama uamuzi wa mahakama ya juu. Mahakama za chini mbili, ile ya Yerusalemu na ile ya Roma, zilikuwa zimetoa hukumu moja, na Mungu akaifuta.

Lakini angalia jinsi alivyoifuta, maana hapo pana mafunzo matatu kwa aliyesingiziwa.

1. Makovu hayakufutwa. Tomaso alioneshwa alama za misumari. Mungu anayerudisha haki hajifanyi kama vile hakuna kilichotokea.

2. Yesu hakwenda kumkomoa mtu. Hatusomi popote kwamba alitokea nyumbani kwa Kayafa kuhani mkuu au katika ikulu ya Pilato kuwaaibisha. Aliwatokea wanawake waliokuja kaburini, akamtokea Petro aliyemkana, akawatokea wanafunzi waliojifungia kwa hofu.

3. Uongo uliendelea. Mathayo anasimulia kwamba askari walinzi walipewa fedha waseme wanafunzi wameuiba mwili usiku. Hata ufufuo wenyewe ulisingiziwa! Basi usishangae ukishinda kesi na bado jirani akanong'ona. Mungu alitoa hukumu yake, na wapo waliochagua kutoisikia.

## Kesi ya Paulo: imani yenye ushahidi

Tukitaka kuona tumaini la ufufuo likifanya kazi ndani ya chumba cha mahakama, twende kwa Paulo, Matendo ya Mitume sura ya 21 hadi 26.

Alikuwa Yerusalemu. Wayahudi waliotoka mkoa wa Asia walimwona mjini akiwa na Trofimo, Mgiriki wa Efeso. Wakadhani amemwingiza hekaluni, mahali ambapo mtu wa mataifa hakuruhusiwa kukanyaga. Dhana ikageuka shtaka, shtaka likageuka ghasia. Na shtaka lenyewe lilikuwa la kufa na kupona. Mwaka 1871 huko Yerusalemu lilipatikana jiwe lililokuwa kwenye uzio wa hekalu hilo, limeandikwa kwa Kigiriki, likimwonya mgeni kwamba akivuka atakuwa amejiletea kifo mwenyewe.

Paulo aliokolewa na askari wa Kirumi, akafikishwa mbele ya Baraza. Hapo akatamka kwamba anahukumiwa kwa ajili ya tumaini la ufufuo wa wafu. Baraza likagawanyika, kwa kuwa Mafarisayo, kundi lililoshika sana sheria na mapokeo, waliamini ufufuo, na Masadukayo, kundi la wakuu wa makuhani na matajiri wa hekalu, waliukataa. Kisha watu zaidi ya arobaini wakaapa kutokula wala kunywa mpaka wamuue. Mpwa wake akapata habari, akaitoa, na Paulo akasafirishwa usiku chini ya ulinzi mkali hadi Kaisaria, kwa liwali Feliki.

Washtaki wakaja na msemaji wa kulipwa, Tertulo, aliyeanza kwa kummwagia liwali sifa. Utetezi wa Paulo ulikuwa mfupi, na wakili yeyote wa leo angeutambua:

- Muda: hazijapita zaidi ya siku kumi na mbili tangu nifike Yerusalemu.
- Mwenendo: hawakunikuta nikibishana na mtu wala nikikusanya kundi.
- Uthibitisho: hawawezi kuyathibitisha wanayoyasema.
- Mashahidi: wale wa Asia walioanzisha habari hii wako wapi? Wao ndio walipaswa kuwa hapa.

Baada ya hapo alikiri lililo kweli: ndiyo, anamfuata Yesu, na anatumaini kwamba watafufuliwa wenye haki na wasio na haki pia. Kisha akaunganisha tumaini hilo na maisha yake ya kila siku. Kwa sababu hiyo, alisema, anajitahidi siku zote kuwa na dhamiri safi mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Tuone basi tumaini hilo lilimfanya atende nini. Feliki alikuwa akimwita mara kwa mara, na Luka anaandika waziwazi kwamba liwali alitarajia rushwa. Kitita cha fedha tu, na Paulo angetoka. Hakutoa. Akakaa kizuizini miaka miwili. Mtu asiyekuwa na tumaini lolote zaidi ya maisha haya angepiga hesabu nyingine, na nani angemlaumu? Paulo alijua kwamba iko mahakama atakaposimama akiwa amefufuliwa, na huko hakutaka kufika na uhuru wa kununua.

Festo, liwali mpya, alipotaka kumrudisha Yerusalemu alikokuwa akiviziwa, Paulo hakusema acha mapenzi ya Mungu yatimie. Alitumia haki yake ya uraia wa Roma akakata rufaa kwa Kaisari. Mfalme Agripa na Festo wakakubaliana faraghani kwamba mtu huyu hakutenda lolote la kustahili kifo wala kifungo. Walijua. Na bado alipakiwa melini akiwa mfungwa.

Kwa ufupi: Kumtumaini Mungu afufuaye wafu hakukumzuia Paulo kutumia tarehe, mashahidi, sheria na rufaa. Kulimzuia kutumia rushwa na uongo.

## Walipotaka kuuzuia ufufuo wenyewe

Mwaka 177, katika mji ambao leo ni Lyon, Ufaransa, Wakristo walikamatwa kwa tuhuma nzito: kwamba wanakula watu na kwamba wanazini ndugu kwa ndugu. Tuhuma hizo zilikuwa zikizagaa katika dola ya Roma. Ni rahisi kuona mahali zilipoanzia. Watu hawa walikutana faraghani, wakazungumza habari ya kula mwili na kunywa damu katika chakula cha Bwana, wakaitana kaka na dada. Sikio lenye chuki likasikia kinyume.

Baadhi ya watumwa waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba za Wakristo walikamatwa, na kwa kuogopa mateso wakathibitisha uongo huo. Mwanamke mmoja, Biblis, alikuwa ameikana imani yake. Walipomtesa tena ili awachafue wenzake, alizinduka, akawauliza watu wasiokula hata damu ya mnyama watakulaje watoto. Askofu Pothinus, mzee wa zaidi ya miaka 90, alipigwa na akafia gerezani. Blandina, kijakazi aliyeonekana dhaifu kuliko wote, aliwachosha watesaji wake, na hadi mwisho alikana kwamba kuna uovu unaotendeka kati yao.

Barua ya makanisa ya huko, iliyohifadhiwa na mwanahistoria Eusebius, inaeleza kilichofuata. Maiti ziliachwa nje siku sita bila kuzikwa. Kisha zikachomwa, na majivu yakatupwa katika mto Rhône. Waliofanya hivyo walisema sababu yao: hawa wanaidharau adhabu kwa kuwa wanatumaini kufufuka, basi tuone kama watafufuka sasa.

Maadui wao walikuwa wameelewa jambo ambalo Wakristo wengi wa leo hatulielewi vizuri. Walitambua kwamba nguvu ya watu wale kukataa kukiri uongo ilitoka katika tumaini la ufufuo, wakaona ni lazima waupige mzizi huo. Lakini hesabu yao ilikuwa na kosa. Imani ya Kikristo haijawahi kusema kwamba Mungu anahitaji kaburi lililotunzwa vizuri. Aliyemuumba mtu kwa mavumbi hashindwi na majivu yaliyochukuliwa na maji.

## Kampala, Februari 1977

Tusidhani haya ni mambo ya Warumi peke yao. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Janani Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire tangu mwaka 1974. Wakati huo Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na watu walikuwa wakitoweka.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari walivamia nyumba ya askofu wakidai wanatafuta silaha. Hawakuzipata. Luwum na maaskofu wenzake hawakunyamaza. Walimwandikia rais barua wakipinga uvamizi huo na mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari, viongozi wa dini walikusanywa Kampala pamoja na wanajeshi. Silaha zikawekwa hadharani, ukasomwa waraka uliomtaja Luwum katika njama ya kuipindua serikali. Alikana. Siku hiyo hiyo aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Uongo wa pili ukatumwa kuufunika wa kwanza.

Mwili haukutolewa kwa ibada ya Kampala. Ulipelekwa kuzikwa kijijini kwao Mucwini, kaskazini mwa nchi. Hata hivyo Jumapili ya tarehe 20 maelfu ya waumini walijaa kilima cha Namirembe, ambako kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Kaburi lilikuwa tupu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti aliwakumbusha maneno ambayo malaika aliwaambia wanawake asubuhi ya Pasaka, na watu wakaimba. Serikali ilikuwa imeuzuia mwili ili kuzima mkutano, na kwa kufanya hivyo ikawapa waumini mahubiri ya Pasaka.

Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda, na sanamu ya Luwum iko juu ya mlango wa Westminster Abbey, London, tangu 1998, pamoja na za wafia dini wengine wa karne ya 20. Jina lake limesafishwa. Lakini kesi yake haikuwahi kusikilizwa. Amin aliondolewa madarakani Aprili 1979, akaishi uhamishoni, akafa Saudi Arabia mwaka 2003 bila kusimama kizimbani. Sanamu ni heshima njema, ila haimrudishii mke mumewe. Ndiyo sababu Mkristo husema bado kuna kikao kimoja cha mahakama ambacho hakijaketi.

## Je, nijitetee au ninyamaze?

Wapo wanaosema kujitetea ni upungufu wa imani, maana Yesu alinyamaza. Ni kweli alinyamaza mara kadhaa. Lakini mbele ya kuhani mkuu, alipopigwa kofi, aliuliza: kama amesema vibaya, kosa lishuhudiwe, kama amesema vema, mbona anapigwa? Alijua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza.

Haya hapa mambo ya kufanya:

1. Jikague kwanza. Petro anaonya katika waraka wake wa kwanza kwamba kuteseka kwa wizi si kuteseka kwa ajili ya Kristo. Kama shtaka lina sehemu ya kweli, ikiri sehemu hiyo. Kukiri kidogo kilicho kweli hulipa nguvu kanusho lako la kikubwa kilicho uongo.

2. Andika mapema. Tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, risiti, ujumbe wa simu. Kumbukumbu huchakaa, karatasi hukaa.

3. Tumia haki yako. Katiba za Tanzania na Kenya zinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Wakili, dhamana na rufaa si dhambi.

4. Usijibu uongo kwa uongo. Usitengeneze shahidi, usinunue hukumu, usimchafue mshtaki kwa mambo usiyoyajua. Hapa ndipo imani ya ufufuo hupimwa kwa vitendo.

5. Chagua watu wachache wa kuwaeleza. Huna deni la kujieleza kwa kila mtu wa mtaani. Mwambie mchungaji, ndugu wa karibu, rafiki asiyependa kusema hovyo.

6. Jua mahali pa kuishia. Ukifanya linalowezekana na bado watu wasiamini, acha. Kulisafisha jina lako mbele ya kila mtu hakukuwezekana hata kwa Yesu.

Na kama wewe ni jirani au mshirika mwenza wa aliyesingiziwa, kazi yako ni kutobeba habari usiyoijua. Mtembelee, kula naye, kaa naye mahali ambapo watu wanaona. Kanisa linalotangaza kila Jumapili kwamba Mungu alimfufua aliyesingiziwa haliwezi Jumatatu kumtenga mtu kwa tetesi.

## Na yule aliyenisingizia?

Hili ndilo linalouma. Ufufuo ni wa wenye haki na wasio na haki, kwa hiyo mwongo naye atasimama. Kujua hivyo kunakupunguzia mzigo wa kisasi: huhitaji kuwa hakimu wake, maana anaye. Kusamehe hakumaanishi kufuta kesi wala kusema hukuumia. Unaweza kusamehe na ukatoa ushahidi wa kweli mahakamani siku hiyo hiyo. Unachoacha ni hamu ya kumwona akiangamia.

Lipo jambo jingine. Stefano, wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Kristo, alishtakiwa kwa mashahidi wa uongo. Akipigwa mawe, aliomba wauaji wasihesabiwe dhambi ile. Mavazi ya waliompiga yaliwekwa miguuni pa kijana mmoja aliyekubaliana na mauaji hayo, jina lake Sauli. Huyo ndiye Paulo, yule yule tuliyemwona Kaisaria akijitetea dhidi ya shtaka la uongo. Mungu anayefufua wafu aliweza kumfanya mtesaji wa wasingiziwa kuwa shahidi wa ufufuo. Askofu Festo Kivengere, aliyekimbia Uganda baada ya kuuawa kwa Luwum, aliandika kitabu mwaka huo huo wa 1977 ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walishtuka. Alikuwa ameielewa habari ya Stefano.

## Yasiyoahidiwa na yaliyoahidiwa

Tuwe wakweli ili mtu asije akadai kesho kwamba alidanganywa. Imani ya ufufuo haiahidi kwamba:

- utashinda kesi;
- ukweli utajulikana wakati wa uhai wako;
- waliokukimbia watarudi kuomba radhi.

Inachoahidi ni hiki: hukumu ya watu juu yako si ya mwisho, Hakimu wa mwisho aliwahi kukaa mahali ulipokaa, kwenye kizimba cha uongo, na haki yako haitakufa hata ukifa kabla yake.

Basi, ndugu uliyesingiziwa, amka kesho ufanye yale yaliyo mikononi mwako. Kusanya risiti zako, mwone wakili wako, nenda kazini, nenda ibadani na ukae kwenye kiti chako cha kila siku. Sema kweli hata pale uongo ungekutoa haraka zaidi. Mwombee aliyekutaja. Kisha lala. Faili lako liko kwa Hakimu aliyekwisha kutengua hukumu moja ya uongo, naye hatashindwa na yako.